Harusi Niliyoiandalia Kitanzi

Wiki iliyopita mliniacha nimepiga magoti mbele ya droo ya Lodi Everard Haskeld, kipande cha gazeti mkononi, machozi hayatoki. Kwa yule anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza nitasema kwa ufupi tu, maana hata mimi kurudia kunaniuma.

Jina langu ni Thirza Oldroyd. Baba yangu alikuwa na kiwanda cha sufu Huddersfield, na alipokufa alikiacha chote kwangu, mtoto wake wa pekee. Mdogo wake, baba mdogo Seth, akawa mlezi wangu. Seth hakutaka kulea mtu. Alitaka kiwanda. Akaamua niolewe na mwanawe Amos, na nilipokataa akanifungia chumbani wiki tatu kwa mkate na maji. Nikatoroka nimejilaza chini ya marobota ya sufu kwenye mkokoteni, nikashukia milimani, theluji ikanikuta njiani, nikaanguka.

Aliyeniokota ni Everard. Lodi wa jina tu. Paa la jumba lake lilivuja mpaka tukawa tunahamisha vitanda kama watu wanaocheza bao, mashamba ya ukoo yalishachukuliwa na wengine, na mtumishi aliyebaki alikuwa mmoja, Bi Tibb, aliyemlea tangu utotoni. Nikajiita Martha, fundi wa kushona. Nikapona. Tukapendana. Akaniposa, nami nikaamini anaposa fundi asiye na mbele wala nyuma.

Kisha Jumapili ile nikafungua droo kutafuta uzi. Nikakuta tangazo la baba mdogo la kunitafuta: kimo changu, nywele zangu nyekundu, kovu la kidevuni. Pembeni, kwa mwandiko wa Everard na tarehe ya siku ileile aliyoniokota, palikuwa na maneno haya: "Huyu ndiye fimbo ya kumchapia Seth Oldroyd."

Alinijua tangu siku ya kwanza.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Nimekaa na jambo hili kifuani miaka mingi, na sitalipunguza hata kidogo ili mnihurumie.

Nililirudisha gazeti mahali pake, nikafunga droo, nikaenda kumenya viazi.

Jumatatu asubuhi Bi Tibb alinisimamisha juu ya kigoda, mdomo umejaa pini, ananipima gauni la harusi. Lilikuwa pazia la chumba cha kulia, rangi ya maziwa, lenye madoa mawili ya mvinyo ambayo tuliyaficha kwenye kwapa.

"Simama wima, binti. Ukijikunja hivyo litarudi kuwa pazia."

"Bi Tibb, Lodi amewahi kumchukia mtu?"

Akatoa pini mdomoni. "Mmoja. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Naolewa Alhamisi, nataka kumjua mume wangu."

"Kuna mtu Huddersfield anaitwa Seth Oldroyd. Alimfanya marehemu bwana mkubwa, baba yake Everard, atie sahihi kwenye hati, mzee alikuwa mgonjwa, haoni vizuri. Wiki ya pili wakaja kuchukua mashamba yote. Mzee akaingia zizini na bastola." Akavuta uzi kwa nguvu. "Everard ndiye aliyemkuta. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku ile jina hilo halitajwi mezani."

Mwingine angesikia hayo akamwonea huruma. Mimi nilisikia jambo moja tu: kumbe kweli. Mimi ni fimbo. Mapenzi yote yale, mkono wake juu ya paji langu nilipokuwa na homa, uji alionilisha kwa kijiko, vyote vilikuwa ni mtu anainoa silaha yake.

"Umekuwa mweupe," akasema Bi Tibb.

"Ni furaha," nikamjibu.

Mchana ule alipita mchuuzi wa sindano na utepe, mwanamke anayeshuka Huddersfield kila wiki. Nikamfuata mpaka langoni, nikampa barua. Nilikuwa nimeiandika jikoni:

"Baba mdogo, nipo kwa Lodi Haskeld. Ananioa Alhamisi saa nne asubuhi, kanisa la kijijini. Njoo unichukue. Thirza."

Mnadhani nilitaka kurudi kwa Seth? Wala! Mpango wangu ulikuwa mtamu kuliko huo. Niliwataka wote wawili ndani ya kanisa moja. Nimwache Everard asimame mbele ya kasisi, kijiji kizima kinamtazama, na aulizwapo kama ananikubali aseme ndiyo. Kisha nikiulizwa mimi, nigeuke niwaambie watu lodi wao ni mwanamume wa namna gani. Na Seth akiwa pale mlangoni, nimwambie yeye naye alivyo. Niwaache waumane kama mbwa, mimi nitoke kwa mlango wa nyuma nikadandie gari la abiria la saa sita, niende Liverpool kwa shangazi yangu.

Usiku na mchana nilijirudia maneno nitakayosema. Niliyapenda kama mtu anavyopenda wimbo.

Jumatano Everard alishinda juu ya paa anapanga vigae vya mawe. Lodi mzima, mikono imechubuka kama ya fundi. Alishuka saa za chai, akakaa mbele yangu, chai ikapoa.

"Martha, kuna jambo nataka kukwambia."

"Niambie kesho kanisani."

"Halifai kanisani."

"Basi ni jambo baya. Mambo mabaya hayasemwi siku moja kabla ya harusi, mikosi hiyo."

"Martha, nisikilize..."

"Au umepata mchumba mwingine, Lodi? Mwenye gauni ambalo halijawahi kuning'inia dirishani?"

Bi Tibb akacheka mpaka akakohoa. Everard hakucheka. Alinitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Nikajisemea moyoni: tapatapa, mwanaume. Kesho utatapatapa zaidi.

Hilo ndilo la kwanza ninaloungama. Mtu alikuja kwangu na ukweli mkononi, siku nzima kabla, muda ukiwapo wa kuokoa kila kitu, nami nikamfukuza kwa mzaha kwa sababu sikutaka kisasi changu kiharibike.

Alhamisi kulikucha jua, baridi ya Machi inakata masikio. Kutoka jumbani hadi kanisani ni njia ya miguu katikati ya malisho. Bi Tibb alitangulia kupamba madhabahu kwa maua ya manjano yachomozayo mwanzo wa machipuko. Tukabaki wawili, mimi na pazia langu, yeye na koti la baba yake lililompwaya mabegani.

Kwenye kilango cha kondoo akasimama, akaegemea mti wa kilango nisipite.

"Thirza," akasema.

Jina langu hasa, kinywani mwake.

"Nakujua tangu siku ile ya theluji. Nilikuwa nimetoka kusoma tangazo. Nilipokuokota sikukuokota kwa huruma, nilisema Mungu ameniletea. Nilitaka nikuoe, nimnyang'anye Seth kiwanda mbele ya macho yake, aone raha ya kunyang'anywa. Wewe sikukufikiria hata kidogo. Ulikuwa kitu."

"Fimbo," nikasema.

Akashtuka. "Umejuaje neno hilo?"

"Endelea."

"Halafu ukapona. Ukaanza kunikaripia kwa sababu ya buti zangu, ukamfundisha Bi Tibb kuiba kwenye mchezo wa karata, na siku moja nilikuwa juu ya paa nikagundua nimemaliza saa nzima sijamfikiria Seth. Nikaogopa. Thirza, siwezi kukuoa kwa hila. Farasi wa kasisi amefungwa nyuma ya kanisa, nimemwomba. Nenda unakotaka. Na kama siku moja, ukiwa na akili yako na mali yako, utataka kurudi, mimi nipo, paa halitakuwa linavuja."

Ndugu wasomaji, niambieni. Ungefanya nini? Siku nne nimekuwa nikila chuki asubuhi na jioni, halafu mtu anakuja anaitoa sumu yote kwa mkono wake mwenyewe. Hasira ilibaki imesimama peke yake, haina pa kukaa.

"Everard," nikasema, "panda farasi huyo wewe. Sasa hivi. Kimbia."

"Mimi? Nikimbie nini?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Barabarani chini kulisikika magurudumu, na gari jeusi la farasi wanne likakata kona. Nililijua. Lilikuwa gari la baba yangu.

Wale wenye akili mtasema mbona hatukukimbia wote. Tungekimbilia wapi, uwanda mtupu, mimi na gauni refu la pazia? Askari wawili walikuwa wamepanda nyuma ya gari. Walituona kabla hatujasema neno la pili. Dakika chache baadaye tulikuwa ndani ya kanisa, kijiji kizima kimegeuza shingo.

Baba mdogo Seth alikuwa amenenepa. Alivua kofia kwa heshima zote, akanibusu shavuni, akanuka karafuu.

"Mwanangu. Tumekutafuta mpaka tumekonda."

"Naona," nikamjibu, nikilitazama tumbo lake.

Mtu mmoja kwenye viti akacheka, akanyamaza upesi. Nyuma ya Seth aliingia Hakimu Pickersgill, mzee mkavu mwenye mafua, leso haimtoki puani. Kasisi Horsfall akauliza kuna nini. Hakimu akapiga chafya, akasema:

"Everard Haskeld, unashitakiwa kwa kumteka binti mrithi ili umuoe. Mlalamikaji ni mlezi wake, Bwana Oldroyd. Adhabu yake unaijua."

"Kitanzi," akadakia mama mmoja nyuma, na kanisa zima likavuta pumzi.

"Mrithi?" akauliza mwingine. "Yupi? Martha wa sindano?"

"Ndiyo maana alikuwa akitutazama kwa dharau!"

"Nyamazeni," akasema Hakimu. Akanigeukia. "Binti, swali ni moja. Ulikwenda kwa mtu huyu kwa nguvu au kwa hiari yako?"

Nilifungua mdomo kusema kwa hiari. Naapa neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikamwona Seth. Alikuwa anatabasamu, ananiitikia kwa kichwa, kama mtu anayemhimiza mtoto aseme. Kwa nini afurahi? Nikisema kwa hiari, mshitakiwa wake anaachiwa. Nikameza neno.

"Kwa nini unatabasamu, baba mdogo?"

"Nimekupata mzima, mwanangu. Jibu tu. Sema kweli."

"Kuna nini nisichokijua?"

Hakimu akajipangusa pua. "Ni haki yake kujua, Bwana Oldroyd. Wosia wa baba yake unasema hivi: akitoka kwa mlezi kwa hiari yake kwenda kukaa kwa mwanamume kabla hajatimiza miaka ishirini na mmoja, urithi wote unakwenda kwa mlezi. Akichukuliwa kwa nguvu, hapotezi kitu. Binti, unatimiza lini?"

"Jumapili ijayo si hii," nikasema. "Siku kumi."

Hapo ndipo nilipouona mtego wote. Nikisema kwa hiari, Seth anachukua kiwanda cha baba yangu leo hii. Nikisema kwa nguvu, Everard ananyongwa. Nami ndiye niliyemwita Seth aje autege.

Hata leso ya Hakimu ilitulia. Bi Tibb alikuwa amekumbatia maua yake mbele ya madhabahu, ananitazama mimi tu.

"Kwa hi..." nikaanza.

"Kwa nguvu," akasema Everard.

Watu wote wakamgeukia. Alikuwa amesimama katikati ya askari, koti la baba yake likimpwaya, na uso wake ulikuwa na raha ambayo sikuwahi kuiona.

"Nilimteka mimi. Nilisoma tangazo, nikamkuta njiani, nikamfungia kwangu. Hakuja kwa hiari hata hatua moja. Andika hivyo, Hakimu."

"Muongo!" Seth alipayuka. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Anasema uongo huyu! Binti alikuwa anajitembelea kijijini, anashona nguo za watu, muulizeni yeyote!"

"Mbona unanitetea, Seth?" Everard akamwuliza kwa upole. "Si umekuja kuninyonga? Ninyonge. Mashamba ya baba yangu uliyapata. Kiwanda hiki hukipati."

Na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu swali hili limenitafuna tangu siku ile. Alikuwa ananifia mimi, au alikuwa anamkomoa Seth? Nilimtazama machoni nikatafuta, sikuona pa kutenganisha.

Seth akaingiza mkono kifuani akatoa karatasi, akampelekea Everard puani.

"Unamfia nani, mjinga wewe? Soma! Soma uone aliyekuuza!"

Ilikuwa barua yangu.

Everard aliisoma polepole. Aliisoma mara ya pili. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kumwambia niliandika Jumatatu, Jumatatu nilikuwa mtu mwingine, leo ni Alhamisi. Lakini maneno ya namna hiyo hayana pa kuanzia mbele ya watu mia moja.

Akaikunja. Akamrudishia Seth.

"Ana mwandiko mzuri," akasema. Basi.

Hakimu Pickersgill akanyoosha mkono. "Nipe na mimi hiyo." Akaisogeza mbali na macho, akaisoma, akaisoma tena, na nyusi zake zikapanda. "Bwana Oldroyd, barua hii umeileta wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Ni mwandiko wake, hawezi kukataa!"

"Imeandikwa hapa, 'Njoo unichukue.'"

"Ndiyo."

"Aliyekaa mahali kwa hiari yake haandiki njoo unichukue." Akaikunja akaitia mfukoni. "Huu ni ushahidi wa kutekwa, bwana. Umemfunga mshitakiwa na umejifungia mlango wa wosia kwa mkono mmoja."

Mngemwona Seth! Alifungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Kijana mmoja nyuma akapiga mluzi.

"Lakini lazima nisikie kwa binti mwenyewe," akasema Hakimu. "Haskeld, unasimama na maneno yako hata baada ya kuisoma barua?"

"Nasimama nayo."

"Binti. Ni kweli alikuchukua kwa nguvu?"

Everard alinitazama. Akatingisha kichwa kidogo, ndiyo. Sema ndiyo.

Nilijiambia mambo mengi kwa muda mfupi ule. Nilijiambia siku kumi si nyingi. Nilijiambia nikishatimiza miaka yangu na kiwanda kikawa mkononi, nitaajiri mawakili wa London, nitaandika kwa kila mkubwa, nitafuta maneno haya na Everard atatoka. Hayo nilijiambia, na hayo ndiyo niliyomweleza kila aliyeniuliza baadaye.

Leo nasema kweli. Neno liliponitoka, sikuwa ninatazama shingo ya Everard. Nilikuwa ninatazama uso wa Seth.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kweli."

Lo! Raha niliyoipata! Ilinipanda kutoka miguuni kama mvinyo wa moto. Seth alishika kiti asianguke. Wiki tatu za mkate na maji, na mkono wake ukifungua mlango kila asubuhi kuniuliza "umekubali?", vyote nilivilipa kwa neno moja.

Ilidumu kama mtu anavyopumua mara mbili.

Kisha Bi Tibb akaangusha maua. Akanijia taratibu, uzee wote umemwingia kwa ghafla, akasimama mbele yangu na pini bado zimechomekwa kwenye aproni.

"Mwanangu alikulisha uji kwa kijiko," akasema. "Nilikuwa nakushikia kichwa mimi."

"Bi Tibb, nitamtoa. Nikitimiza miaka..."

"Usiniguse."

Nikamkimbilia Hakimu, nikamshika mkono. "Kesi lini, mheshimiwa? Si itachukua miezi?"

"Miezi? Jaji anaingia York Jumatatu. Kesi yenye ungamo haimalizi asubuhi moja, na jaji wa safari hii hapendi wafungwa wakae wanakula." Akapiga chafya. "Wanyongwao York hunyongwa Jumamosi."

Jumamosi. Na mimi ninatimiza miaka Jumapili.

Walikuwa wameshamtoa nje. Nikatoka mbio, gauni limenaswa mlangoni, likachanika, nikakiacha kipande. Walikuwa wanampakia kwenye mkokoteni wa mkulima mmoja, mikono imefungwa mbele.

"Everard! Sikujua wataharakisha! Nilidhani Jumapili..."

"Jumamosi inatangulia Jumapili, Thirza," akasema. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa na hasira. "Umemwona uso wake lakini?"

"Nimemwona."

"Mimi pia." Akacheka kidogo. "Barua uliandika lini?"

"Jumatatu."

"Na mimi nilitaka kukwambia Jumatano." Akatazama mikono yake. "Tungekuwa watu wa haraka kidogo, sisi wawili."

Nilipanda gurudumu nimfikie. Askari akanishusha kama mtoto. Na mkono mzito ukanishika bega kutoka nyuma, unanuka karafuu.

Baba mdogo Seth alikuwa ameshapata rangi yake. Watu kama yeye hawakai chini muda mrefu. Alinivuta pembeni, karibu na ukuta, akaongea kwa sauti ya mtu anayebembeleza.

"Umenipiga vizuri, mwanangu. Baba yako angejivunia. Sasa nisikilize. Mlalamikaji katika kesi hii ni nani?"

Nikajaribu kujinasua mkononi mwake, akakaza.

"Ni mimi. Hakimu amesema mbele ya watu. Nikiondoa malalamiko, hakuna kesi, hakuna jaji, hakuna Jumamosi. Lodi wako anarudi kwenye paa lake leoleo."

"Unataka nini?"

Akatoa saa mfukoni, akaifungua kwa kidole gumba.

"Saa tano na robo. Sheria inaruhusu ndoa mpaka saa sita. Kanisa liko wazi, kasisi yupo, bi harusi kavaa. Kibali cha askofu ninacho mfukoni tangu Januari, chenye jina lako na la mwanangu." Akageukia gari jeusi, akapaza sauti. "Amos! Shuka!"

Mlango wa gari ukafunguka. Sikujua kabisa kama kulikuwa na mtu mle ndani muda wote ule. Amos akashuka taratibu, koti jipya la kijani, ua kifuani, na macho yake ya usingizi yakanipima kuanzia kichwani hadi kwenye pindo lililochanika.

"Amevaa pazia," akamwambia baba yake.

"Utamvua ukifika nyumbani," Seth akamjibu.

Kwenye mkokoteni Everard alikuwa amesimama, ameelewa. "Kataa!" alipaza sauti. "Thirza, usithubutu! Kataa!" Askari akamkalisha kwa rungu la mgongoni, naye akasimama tena.

Niliwatazama wote. Kasisi Horsfall mlangoni, kitabu kifuani, hajui aingie au atoke. Bi Tibb amekaa juu ya kaburi la mtu, uso umefunikwa kwa aproni. Amos na ua lake. Seth na saa yake, mkono umenyooshwa kuelekea mlangoni kama mwenye nyumba anayekaribisha mgeni.

Kisha nikamwangalia Amos tena, taratibu safari hii. Mwanamume mwenye usingizi. Mtoto wa pekee wa baba yake. Kila alichokipora Seth maishani mwake, mashamba ya Haskeld, nyumba ya baba yangu, na kiwanda alichokuwa anakifukuzia, alikuwa anamporea huyu. Alimpenda kuliko roho yake. Na alikuwa ananipa mimi, mkononi, mbele ya kasisi.

Siku nne nzima nilikuwa nimelenga mahali pasipofaa.

"Ondoa malalamiko kwanza," nikamwambia Seth. "Kwa maandishi. Hakimu aweke sahihi, mkokoteni ufunguliwe nione."

"Halafu?"

Nikajiweka sawa nywele zangu. Nikatembea mpaka alipo Amos, nikamtabasamia vizuri kabisa, nikampa mkono wangu.